Plasta za Daraja la Pamawe

Waliohudhuria mkutano wa Jumamosi ile, mwezi wa nne mwaka 2005, katika kiwanja kilicho mwanzoni mwa daraja la Pamawe upande wa Mutakura, walikuwa hawa: Mama Daphrose, mkuu wa mtaa, aliyekalia kiti pekee chenye mikono, mhandisi Jovithe, aliyeteremka kwa gari jeupe kutoka mtaa wa wenye pesa wa Kiriri, Fadhila binti Shaabani, mchoraji katika ofisi ya mhandisi huyo, baba yake mwashi Shaabani, mama yake Saliha muuza samaki wadogo wa ndagala, Bahizire, Mkongomani mwenye lori la mchanga na mashine ya kusaga, Uthmani, fundi cherehani, na wakazi wengine wa mtaa, wengi wao wakiwa bado wameshika majembe na mafagio ya usafi wa Jumamosi. Wanajeshi wawili walisimama pembeni, kama kawaida. Kutoka ng'ambo ya korongo hakuhudhuria mtu yeyote. Huko ndiko familia zilizokimbia vita vya milimani zilikoishi chini ya mahema, na wao ndio waliokuwa wakizungumziwa.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Malori ya chakula cha watu wa mahemani yalikuwa yakizunguka kwa barabara ya vilimani, na mara mbili yalikuwa yamevamiwa na kuchomwa. Dereva mmoja alikufa. Sasa ilitakiwa malori yapite hapa Pamawe, njia fupi na salama, kuanzia Jumatatu. Lilibaki swali moja tu: je, daraja, ambalo wajenzi wake walikwisha kuzeeka na kufa, lingeweza kuyabeba?

Jovithe alikuwa amekuja na jibu ndani ya kompyuta. Aliiweka juu ya meza iliyotandikwa kitenge, akaiunganisha na jenereta ya Bahizire, na daraja la Pamawe likatokea kwenye kioo, likizunguka polepole kama kitu kinachotazamwa mkononi. Watu walisogea.

"Hii ndiyo daraja yenu," alisema Jovithe. "Kila nguzo iko humu, kila boriti, kila ufa. Fadhila anapima kila Ijumaa, anaingiza namba. Mahali pakianza kusumbuka, rangi inageuka: njano, halafu nyekundu. Sasa angalieni wenyewe. Munaona rangi gani?"

"Kijani!" waliitikia.

"Nguzo ya katikati?"

"Kijani!"

Saliha aliitikia kwa sauti kuliko wote, akageuka kuwatazama wanawake waliokaa nyuma yake, ili asiwepo wa kusahau kwamba aliyelichora daraja lile ametoka tumboni mwake.

Fadhila hakuitikia. Alikuwa ameuchora mfano ule kwa miezi mingi, jiwe kwa jiwe, na aliujua kama mtu anavyoijua nyumba aliyokulia. Katika kila ufa wa daraja alikuwa amebandika kipande chembamba cha plasta ya jasi, ufa ukipita chini yake. Jiwe likisogea, hata kwa unene wa unywele, plasta ambayo haijui kunyumbuka huvunjika kwanza. Ikibaki nzima, ufa umelala. Mvua za masika zilikuwa zimepiga tangu mwezi wa pili, korongo lilikuwa limejaa maji mara kadhaa, na plasta zote zilikuwa nzima. Hilo lilimkosesha amani. Aidha, chombo cha kupimia usawa kilikuwa kimemwonyesha kwamba nguzo ya katikati imeshuka kidogo. Alipompelekea Jovithe habari hiyo, alijibiwa kwamba chombo kimezeeka. "Plasta hazijavunjika, Fadhila. Unataka nini tena?" Mkataba wa Fadhila ulikuwa ukiisha mwezi wa sita. Hakutaka kitu tena.

Bahizire aliinua mkono. Alikuwa mtu wa mzaha, na mtaa mzima ulikuwa umezoea kumsamehe.

"Mi niko na swali, ingénieur. Ile mabiskuti nyeupe yenye binti ya Muzee Shaabani alibandika kule chini. Juzi napita kuchota mchanga, naona moja imepasuka katikati. Leo napita, iko nzima! Plâtre ya siku hizi inajiponyesha yenyewe? Ama kule kwenye ordinateur, hiyo kompyuta yako, kuna dawa?"

Kicheko kilipita kiwanjani. Wengine hawakujua wanachekea nini, wakacheka vilevile.

Shaabani aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia iliyofumwa na mikono iliyopasukapasuka kwa saruji.

"We Bahizire, chunga mudomo yako," alisema. "Kazi ya mutoto wangu haionyeshwi kidole. Kama imepasuka, mi baba yake niko. Kila Alhamisi nikitoka kazini napita kule chini na mwiko wangu, napaka. Ijumaa akifika na ingénieur wake, anakuta kazi yake iko safi. Hakuna siku amekuta imepasuka, na hatakuta!"

Watu walimpigia makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Shaabani aliketi, akajifuta uso, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano uanze akatabasamu.

Fadhila alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Baba," alisema. "Ulipaka zipi?"

"Zote zenye zilipasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilianza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Shaabani alimtazama kwa mshangao. "Mutu anamusitiri mutoto wake, halafu anaenda kumutangazia?"

Jovithe alielewa kabla ya wengine. Aliufunga mfuniko wa kompyuta taratibu, akainama na kumnong'oneza Fadhila kwa Kifaransa kwamba akae chini, mambo hayo yataongelewa ofisini. Fadhila aliutazama mkono wa mhandisi juu ya mfuniko. Aliwaza mkataba. Alimtazama baba yake, ambaye tabasamu lake lilikuwa bado halijazimika, na akatambua kwamba akiketi sasa, litabaki pale mpaka Jumatatu.

"Mama Chef," alimwambia Daphrose, "naomba malori yangoje. Ile kijani tumewaonyesha si ya kweli."

"Si ya kweli namna gani?"

"Zile plasta niliziweka ili zivunjike. Zikivunjika ndiyo zinaniambia ukuta wa daraja unatembea. Kama zinapakwa, ordinateur inafikiri ukuta umetulia."

Uthmani fundi cherehani alipaza sauti kutoka nyuma. "Fundi gani anaweka kitu ili kivunjike? Na kumbe ni Muzee Shaabani ndiye alitaka kutuua!"

Saliha aligeuka kama aliyechomwa na kaa la moto. "We Uthmani! Ile nyumba unalala ndani yake ilijengwa na nani? Imekuangukia? Imekuangukia, nakuuliza!"

"Nasema tu, Mama Fadhila..."

"Basi shona nguo, kusema wachia wengine!"

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Shaabani alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, jambo ambalo mke wake hakuwahi kumwona akilifanya mbele za watu.

Daphrose alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwapa Fadhila na baba yake mpaka Jumapili jioni. "Jumatatu asubuhi malori iko hapa," alisema. "Kule ng'ambo kuna watoto wanakula mara moja kwa siku. Nikiwafungia njia, nitawaambia ni kwa sababu gani? Mutafute sababu yenye mutu anaweza kushika mukononi."

*

Walishuka korongoni wawili tu. Shaabani alitangulia na mfuko wake wa vyombo, akikanyaga mawe bila kuangalia nyuma. Chini ya daraja palikuwa na ubaridi na harufu ya tope. Maji ya jana yalikuwa yamepungua, yakaacha matawi na ndala moja ya plastiki kwenye mguu wa nguzo ya katikati.

"Ungeniambia," alisema Shaabani hatimaye, akiitazama nguzo.

"Ndiyo, Baba."

"Nimebeba mawe ya watu maisha yangu yote ili wewe ujifunze kuchora daraja. Halafu unaona siwezi kuelewa plâtre. Plâtre, Fadhila! Mi!"

Fadhila aliikumbuka siku ile. Ni kweli kwamba alipobandika kipande cha kwanza, baba yake alikuwa akipita juu darajani, akamwuliza anafanya nini, naye akajibu, "Ni mambo ya ofisi." Wenzake wa ofisini walikuwa karibu. Hakutaka wamsikie akimweleza kazi yao mtu mwenye saruji kwenye magoti. Jibu lile fupi lilikuwa limemtosha yeye. Baba yake aliliheshimu, kwa sababu baba hamwulizi mtoto mara mbili.

"Niliona haya," alisema.

"Ya nini?"

Fadhila alikwangua tope kwenye kiatu chake. Shaabani alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea chenji pungufu na kuamua kutogombana, akatoa nyundo na tindo. "Basi. Nabandua yote. Utaanza upya."

Alilenga kipande cha kwanza. Fadhila alikuwa karibu kumwacha aendelee. Kuanza upya kungehitaji wiki kadhaa za kungoja, na wao walikuwa na siku moja; lakini angalau baba yake angekuwa na jambo la kufanya kwa mikono. Tindo iligonga mara moja, na pembe ya plasta ikaanguka. Fadhila akaona.

"Simama, Baba! Simama! Usiguse!"

Mahali pale pembe ilipovunjika, ubavu wa plasta ulikuwa wazi, na haukuwa kipande kimoja. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa na kusukumwa vizuri. Shaabani hakuwa amejaza ufa. Alikuwa amepaka kanzu mpya, yaani tabaka jipya la plasta, juu ya ile iliyopasuka, wiki baada ya wiki, kwa mkono wa fundi, kila kanzu na unene wake sawasawa.

"Kata hapa ubavuni," alisema Fadhila, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Polepole. Nataka kuona mpaka chini."

Shaabani alikata kama mtu anayekata keki ya harusi. Katika kanzu ya juu kabisa hapakuwa na ufa. Katika ile iliyofuata palikuwa na mstari usioonekana mpaka uinamiwe. Chini yake mstari ulikuwa mnene zaidi, na zaidi, na katika kanzu ya kwanza kabisa, ile aliyoipaka Fadhila mwenyewe, ufa ulikuwa mpana kiasi cha kumeza njiti ya kiberiti.

Fadhila alikaa juu ya jiwe lenye maji.

"Unalia nini?" aliuliza Shaabani kwa hofu.

"Silii. Baba, iko yote hapa. Hukufuta kitu. Kila Alhamisi iko hapa."

Alimweleza. Safari hii alimweleza yote, tangu mwanzo, na Shaabani alisikiliza akiwa amechuchumaa. Kanzu ya tatu inapasuka tu kwa yale yaliyotokea baada ya kanzu ya tatu kupakwa. Kwa hiyo tofauti ya kanzu na kanzu ndiyo mwendo wa ukuta kwa wiki ile.

"Sasa shida ni tarehe," alisema Fadhila. "Sijui ipi ni ya lini."

Shaabani aliisogelea plasta, akalamba kidole na kukipitisha ubavuni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tarehe? Mi nanunua plâtre? Nabeba mabaki ya kazini. Hii nyeupe sana ni ya villa ya Kiriri, ile mwezi wa pili. Hii yenye chokaa ni ya musikiti kule Buyenzi, kabla ya Ashura. Hii yenye mchanga, angalia, plâtre iliisha, nikachanganya. Ni ile wiki mama yako alikuwa na malaria. Hii ya Bwiza, duka ya Rachidi."

Walikata plasta za daraja zima mpaka jua lilipoanza kuinama. Watu walikuwa wamejipanga juu kwenye ukingo, wakichungulia. Penye nguzo za pembeni plasta zilikuwa na kanzu moja au mbili. Penye nguzo ya katikati, upande wa chini wa mto, zilikuwa nene kama sabuni ya mche.

*

Nyumbani kwa Shaabani umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa. Bahizire alileta jenereta yake kwa mkokoteni, bila kuombwa, akaiweka uani.

"Essence ya kuiwasha ni yangu," alisema. "Mi ndiye nilianza kucheka."

"Utalipia na kule kucheka kwako kwingine pia," alisema Saliha, lakini alimpa kiti.

Jumapili alasiri Jovithe aliwakuta sebuleni: Fadhila mbele ya kompyuta, Shaabani pembeni yake akiwa na vipande vya plasta vilivyopangwa juu ya sinia la pilau kwa mpangilio wa nguzo. Mhandisi alibaki mlangoni na viatu vyake vizuri mkononi, asijue pa kuviweka.

"Ripoti nimekwisha kuituma," alisema. "Unaelewa? Wafadhili wa chakula wanayo. Imeandikwa daraja ni zima. Leo niwaandikie nini? Kwamba namba mpya zimetoka kwa mwashi?"

"Zimetoka kwa ukuta," alisema Fadhila. "Kaa, chef. Bado nguzo moja."

Alikaa. Fadhila aliingiza vipimo kimoja baada ya kingine, na baba yake akimtajia: ya Kiriri, ya msikitini, ya malaria. Kwenye kioo, mguu wa nguzo ya katikati uligeuka njano. Aliongeza vipimo vya chombo cha usawa, vile vilivyokataliwa, na safari hii plasta na chombo vikasema jambo lile lile: maji yalikuwa yakichimba chini ya mguu wa nguzo, na nguzo ilikuwa ikiinama kuyafuata. Njano ikawa chungwa. Kisha Fadhila akaliweka juu ya daraja lori moja lililojaa, na katikati pote pakawa pekundu, wekundu wa kukolea, mpaka Saliha aliyesimama nyuma na birika akasema, "Astaghfirullah."

Jovithe alivua miwani. Aliifuta, akaifuta tena, mpaka Saliha akamwonea huruma, akammiminia chai.

"Kunywa, ingénieur. Haina maziwa kama ya Kiriri, lakini iko moto."

"Asante, mama." Aliinywa. "Plasta ya villa ya Kiriri," alisema ghafla. "Ile nyumba yenye geti la bluu?"

"Ndiyo hiyo," alisema Shaabani.

"Ni jirani yangu. Nilikuona pale. Sikukusalimu."

"Ulikuwa na haraka," alisema Shaabani, na hapo mambo kati yao yakaisha.

Jovithe alivaa miwani tena. "Nitaandika kwamba ofisi ilikosea. Mimi ndiye niliyesaini."

"Andika pia kwamba mimi sikumweleza mtu niliyepaswa kumweleza," alisema Fadhila. "Ni sehemu ya kosa. Nataka iwemo."

Lilibaki suala la chakula. Bahizire, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa. "Lori hapana. Nimeona, nimeamini. Baiskeli je? Gunia moja, baiskeli moja, mutu mumoja."

Fadhila alimtazama, akageukia kioo. Alimweka mtu mmoja na gunia lake, upande wa juu wa mto. Kijani. Akaweka wawili waliofuatana karibu. Njano ilichungulia. Akawatenganisha. Kijani.

"Mmoja akishuka ndipo mwingine anapanda," alisema. "Na mvua ikianza, hata paka asipite."

*

Jumatatu asubuhi malori matano yalisimama barabarani yakinguruma. Dereva wa mbele aliteremka kwa hasira, akitaka kujua ni nani aliyeegesha lori la mchanga likiziba mdomo wa daraja.

"Ni mi," alisema Bahizire. "Limekufa."

"Limekufa saa ngapi?"

"Litafufuka Alhamisi."

Dereva alimwita Daphrose, akapaza sauti, akataja majina ya wakubwa. Daphrose alimngoja amalize. Kisha akamwekea mkononi kipande cha plasta cha nguzo ya katikati, kinene kama sabuni, na kumwelekeza kidole chake kwenye ule ufa wa chini. "Kila mustari ni wiki moja," alisema. "Daraja inaenda. Unataka kuwa juu yake?" Dereva alikigeuzageuza kile kipande, akautazama mzigo wa lori lake, akaenda kufungua turubai.

Vijana wa baiskeli walifika kutoka Mutakura yote, na wengine kutoka Bwiza waliosikia habari. Shaabani alisimama kwenye mdomo wa daraja akiwa amevaa kofia yake, mkono umeinuliwa. Akiushusha, mmoja hupita, akisukuma baiskeli na gunia. Akiuinua, wote husimama, hata wanajeshi. Uthmani fundi cherehani alileta baiskeli yake ya kike yenye kikapu, akangoja zamu. Alipofika mbele, aliangalia gurudumu lake la mbele. Shaabani alimtazama, akashusha mkono.

"Pita, Uthmani. Polepole. Usiniharibie daraja."

Saliha alihamishia ndagala zake kule magunia yalikoteremshwa, na alasiri hiyo aliuza kuliko siku yoyote ya masika. Jumanne jioni gunia la mwisho lilipita. Nyuma yake Fadhila alifunga kamba kuziba daraja.

Mvua ya milimani ilikuja Jumatano alfajiri. Korongo lilijaa maji mekundu, yenye migomba na mapipa, na watu walitoka na miavuli kusimama mbali na ukingo. Kulipopambazuka, walisikia mlio mzito chini ya ardhi, si mkubwa sana, kama mlango wa ghala unaofungwa. Nguzo ya katikati iliinama. Daraja lilijikunja juu yake na kubaki hivyo, limevunjika mgongo, pale pale palipokuwa pekundu kwenye kioo.

Juu yake hapakuwa na mtu yeyote. Hapakuwa hata na kuku.

Aliyeanza kupiga vigelegele hajulikani. Saliha baadaye alidai ni yeye. Vilivuka korongo, vikajibiwa kutoka mahemani, na kwa muda watu wa pande mbili, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamepaziana sauti ila kwa ugomvi au hofu, walipaziana sauti za furaha juu ya daraja lililovunjika. Mhandisi Jovithe alifika na viatu vyake vizuri, akateremka ndani ya tope hadi alipokuwa Shaabani, akampa mkono mbele ya wote. Shaabani alitaka kuufuta wake kwanza. Hakupewa nafasi.

*

Kazi ilifanyika kiangazi. Nguzo mpya ilishushwa mpaka kwenye mwamba, na msimamizi wa waashi, ambao nusu yao walitoka Mutakura na nusu mahemani, alikuwa Shaabani. Fadhila, aliyepewa mkataba mwingine, alichora kila tabaka la mawe lilipopanda, na jioni baba yake alikaa karibu naye akimkosoa: jiwe hili si hapo, liko huku. Alikuwa amejifunza kulizungusha daraja kwenye kioo kwa kidole kimoja, kwa hadhari, kana kwamba lingeweza kumwagika.

Mwishoni mwa mwezi wa nane walikutana tena kiwanjani walewale, na wa ng'ambo wakaja. Bahizire alipakia lori lake mchanga mpaka likalalamika. Alisema mkutano umwombee, akapanda, akalipeleka katikati ya daraja na kusimama pale kama alivyoelekezwa, kichwa nje ya dirisha.

"Rangi gani?" alipiga kelele.

Fadhila alisoma vipimo, akaingiza, akangoja. Umati mzima ulikuwa ukichungulia juu ya mabega yake.

"Kijani!" alijibu, na kiwanja kikajibu pamoja naye.

"Ya kweli?"

"Ya kweli!"

"Basi niondoke ama munanipenda hapa?"

Vicheko vilipotulia, Daphrose alimwita Shaabani apake plasta ya kwanza ya daraja jipya. Aliteremka, akaipaka kwenye mguu wa nguzo, nyembamba, laini, akaandika tarehe kwa ncha ya msumari, kwa herufi kubwa. Alipopanda juu alimtazama Fadhila, naye akamwashiria kwamba aseme yeye. Shaabani aliiweka sawa kofia yake na kuwageukia watu.

"Tumekubaliana nyumbani, na Mama Chef amekubali," alisema. "Kuanzia leo hii plâtre haina mwenyewe. Ni ya wote, wa huku na wa kule. Mutu atakayeona imepasuka asiipake, asiifunike, asimuonee mutu haya. Hata kama ni kazi ya mutoto wangu. Hata kama ni kazi yangu. Apige kelele, usiku ama mchana, na sisi wote tutatoka tuje kuangalia."